Mwezi Uliopita Baba Alikuja Dirishani

Watu wakisoma gazetini habari za wastaafu hewa, huwa wanacheka. Ati marehemu kafufuka, kaenda kupokea pensheni, kasaini, karudi zake kaburini. Hata mie ningecheka, ila nashindwa. Kwetu Tandika tulikuwa na mstaafu hewa wetu wenyewe, na alikuwa baba yangu mzazi. Miaka imepita mingi, lakini nikikumbuka uso bado unaniwaka.

Baba alikuwa dereva wa lori la serikali. Alibeba mabomba, alibeba saruji kutoka Wazo, na siku magari mengine yakigoma kuwaka alibeba hata mabosi wenyewe. Alipostaafu, kiinua mgongo kiliezeka nyumba yetu bati, kikaishia hapo hapo juu ya paa. Ikabaki pensheni ya kila mwezi. Jamani, pensheni gani ile! Ukishanunua sukari, mafuta ya taa na unga, umerudi pale pale. Zamani tulipanga foleni ya sabuni na sabuni yenyewe haipo. Alipostaafu yeye maduka yalikuwa yamejaa kila kitu, ikabaki kutazama kwa macho. Lakini siku ya pensheni Baba alinyoa ndevu, akavaa koti lake la kahawia na baraghashia safi, ndipo akatoka. Alikuwa anasema pesa ya serikali haifuatwi na kandambili.

Lori lile lilikuwa na utingo wake. Alikuwa Mnyamwezi, jirani yetu wa mtaa huo huo, na sie ni Wazaramo, kwa hiyo walikuwa watani, tangu enzi za misafara ya miguu huko. Yeye na Baba walitukanana maisha yao yote bila kununiana hata siku moja. Akija kwetu anapita moja kwa moja jikoni, anafunua sufuria, anachomoa nyama, na Mama hana la kusema maana mtani hakasirikiwi. Sote tulimwita Mtani tu. Tofauti yao ilikuwa moja: Baba aliajiriwa kwa barua, Mtani alikuwa kibarua miaka yote ile. Idara ilipopunguza watu aliambiwa ahsante, nenda nyumbani, basi. Hakupata kiinua mgongo wala pensheni. Alilifanyia mzaha jambo hilo kama alivyofanyia mzaha kila jambo, nasi tukadhani limekwisha.

Baba akafa kwa kifua. Siku ya msiba Mtani akafanya kazi yake. Kwetu watani ndio wenye ruhusa ya kuchekesha penye kilio: wanazuia jeneza mpaka walipwe, wanamsema marehemu kwa ubahili wake, wanamwigiza alivyokuwa. Mtani akalitoa koti la kahawia kwenye msumari, akalivaa, akavaa na baraghashia, akaingia uani akiuburuta mguu wa kushoto, ule Baba aliouvunja lori lilipopinduka. Akakohoa kile kikohozi cha Baba cha kutoka tumboni. Halafu akaita, sauti ya Baba tupu: “Mama watoto! Hawa wote wanakula kwa hela ya nani?” Weee! Wanawake walianguka kwa kicheko huku machozi yanawachuruzika. Mie nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama alikuwa chumbani, keshaanza kukaa eda, akasikia. Baadaye aliniambia kwamba nusura aitike.

Kikao cha familia kikamchagua kaka yangu afuatilie mirathi. Ndiye mkubwa, ndiye mwanamume, na ulimi wa kuongea na makarani anao. Alikuwa amepoteza kazi kiwanda chao cha nguo kilipofungwa, mke wake karudi kwao, naye akawa amehamia chumba cha uani. Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Apeleke cheti cha kifo na barua ya mahakama ya mwanzo, jina la Baba lifungwe, Mama alipwe haki yake ya mjane kwa mkupuo. Tuliambiwa ni fungu la maana. Mama, huko huko ndani kwenye eda yake, akawa ameshalipangia: friji ya kuuzia barafu na juisi, asije akamwomba mtu chumvi. Friji yenyewe alikuwa ameshaniambia itakaa kona ipi.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Mama hatoki, hajipambi, hana pa kwenda. Kaka akawa anamletea habari pale mlangoni kwa adabu zote. Mirathi bado, Mama. Faili limehamishwa, Mama. Bosi yuko likizo. Lakini hela ilikuwa inaingia. Alisema anauza mitumba Kariakoo. Leo kaleta mchele, kesho samaki, siku nyingine kuku mzima. Mtani naye akawa hakauki kwetu, anakula na kunenepa. Mie nikanunuliwa viatu vya mkanda, vyekundu, nikavivaa mtaa mzima unione. Sikuuliza kitu. Nani anauliza, mlikuwa mnakula uji mmeletewa kuku?

Mama alitoka eda siku ya Ijumaa. Wiki iliyofuata kaka akapata kibarua cha kupakua saruji huko Boko, na kabla ya kuondoka akamwambia Mama amsubiri, wataenda ofisini pamoja. Alipotoka tu Mama akaniita. “Kila siku subiri, subiri. Nimesubiri ndani mpaka nimeota ukungu. Vaa, twende.” Cheti cha kifo tulikikuta kwenye sanduku la kaka, kimenyooka, hakina hata kunjo moja. Mama alikitazama kidogo, akakitia kwenye mkoba wake. Kitambulisho cha pensheni cha Baba hatukukiona.

Ofisi hiyo sitaitaja. Ulikuwa ukumbi wenye mabenchi na dirisha la nondo, na siku ile wazee walikuwa wamejaa maana ilikuwa siku ya malipo. Karani alikuwa kijana mpole. Alimwamkia Mama shikamoo, akapokea cheti, akafungua daftari lake kubwa, akasoma, akarudia kusoma.

“Mama, huyu mzee ni nani wako?”

“Mume wangu, mwanangu. Marehemu.”

“Mbona hapa yuko? Alikuja mwezi uliopita. Nimemlipa mwenyewe kwa mkono wangu.”

Mzee mmoja wa benchi la mbele, wale wazee ambao halipiti neno wasilisikie, akadakia: “Nani, yule dereva wa lori? Yule mcheshi? Alikaa hapa hapa nilipo mie! Siku nzima katuvunja mbavu.”

Mie nilijua pale pale. Mama hakujua. Mama aligeuka kumtazama yule mzee, na uso wake ulikuwa umefunguka, namna ambayo sikuwa nimeuona tangu msiba. Akauliza taratibu:

“Alikuwa mzima?”

“Mzima wa afya. Kikohozi tu, na ule mguu wake.”

“Hakukonda?”

“Akonde wapi! Kanenepa.”

Mama akatabasamu. Wallahi alitabasamu. Alimwona mumewe akivishwa sanda, aliuaga mwili, anajua kaburi liko wapi. Lakini mtu kamwambia mumeo mzima, kanenepa, na moyo ukapokea kabla akili haijafika. Niliona aibu ambayo sikujua niiweke wapi. Nilitamani nimzibe masikio.

“Alikuja na nani?” Mama akauliza.

“Na kijana wake. Mrefu hivi, ana pengo hapa mbele. Kijana ana adabu sana yule, muda wote kamshika baba yake mkono.”

Tabasamu likamfutika. Alinitazama mie mara moja tu, akaona kwamba nimeshajua, akageukia dirisha. Kaka yangu alikuwa na pengo tangu utotoni, aliangukia kisimani.

Karani hakuwa na ubaya, lakini ilibidi amwite mkubwa wake. Akaja bosi mmoja mwenye miwani, akasoma cheti, akasoma daftari, akamtazama Mama. Akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: “Mama, hapa pana mwizi. Ama wewe umemfisha mume aliye hai ili ule mirathi, ama kuna mtu anapokea hela ya maiti. Nikipiga simu polisi sasa hivi, tunakwenda nyumbani kwako kumchukua huyo kijana mwenye pengo atueleze. Sema mwenyewe. Nipige?”

Mama alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Nilijua anachopima, na yeyote mwenye mtoto angejua. Upande mmoja haki yake, ya miaka yote aliyomfulia na kumpikia dereva yule, na upande wa pili jela ya mwanawe. Hakuchukua muda.

“Usipige, baba,” akasema. “Mume wangu yu hai. Amenikimbia, kaoa kwingine, nikashikwa na wivu nikasema nimfishe nile hela yake. Nisamehe.”

“Na hiki cheti?”

“Nimekinunua.”

Bosi akakichana vipande mbele ya watu. Kisha wakaandika karatasi, kwamba mama huyu amekiri kusema uongo, na kwamba mumewe ni mzima, wakamletea kidau cha wino. Mama alikuwa anajua kuandika jina lake, alijifunza elimu ya watu wazima na alilionea fahari jina hilo. Siku ile hakuomba kalamu. Akatoa dole gumba, wakalipaka wino, wakalikandamiza.

Hapo sasa wazee wakaanza. Laana hiyo! Kumzika mume angali anapumua! Yule mzee aliyekaa na “Baba” ndiye alikuwa mkali kuliko wote. Akamwambia Mama usoni: “Mtu mwema kama yule! Ndiyo maana kakukimbia.” Mama akainamisha kichwa. Na mie, mtoto wake wa kumzaa? Nilikuwa nimeshasogea kando, nimevuta ushungi mpaka puani, kama niliyekuja kwa shida zangu nyingine. Bibi mmoja akaniuliza, “Binti, uko na huyu?” Nikatikisa kichwa. Mama aliniona. Alipita mbele yangu akielekea mlangoni, hakuniita, akanipa nafasi ya kutoka peke yangu baadaye. Nikamkuta njiani ananisubiri, anafutia dole kwenye khanga mpya ya kutokea eda.

Kaka aliporudi kutoka Boko, mweupe wa vumbi la saruji, alimkuta Mama kakaa kwenye kigoda uani. Mama hakupiga kelele. Alimwambia tu, “Nimetoka dirishani.” Kaka akapiga magoti na vumbi lake.

Akasema mara ya kwanza kabisa alikwenda kweli, cheti akakiacha nyumbani, aulizie tu mlangoni. Akaambiwa mirathi ni mwaka, pengine miwili, na wakati huo pensheni inasimama. Ndani hakuna unga. Akamsimulia Mtani, na Mtani, kwa mdomo wake ule, akasema lete koti, twende nikamalizie utani wangu, mwezi huu mmoja tu. Wakaenda wakicheka njia nzima. Kaka alidhani watafukuzwa mlangoni. Kumbe picha ya kitambulisho ilikuwa ya ujana wa Baba, imefifia, na karani alimwangalia mzee anayechechemea na kukohoa akamwambia shikamoo mzee, weka sahihi hapa. Mwezi wa pili hawakucheka tena, lakini walikwenda.

“Si pesa za Baba, Mama? Si jasho lake?”

“Ni jasho lake,” Mama akasema. “Na mie nilikuwa nani wake?”

Mie ndiye niliyekuwa na maneno, tena mengi, maana hasira ya mtu mwenye aibu haina breki. Nikamfokea kaka, nikamfokea Mama mwenyewe: kwa nini hukusema ukweli, afungwe, si kayataka? Mama akanitazama akasema, “Mtoto akikunyea mkononi, unaukata mkono?” Nikakumbuka jinsi nilivyotikisa kichwa kule ukumbini. Alikuwa na watoto wawili waliomchafua siku moja, siyo mmoja.

Jioni Mtani akaja, hajui lolote, akaanza utani wake tangu kizingitini. Alipoona hakuna anayecheka akajua. “Shemeji,” akasema, “si unajua mtani hakasirikiwi.”

“Utani wa msiba unaisha kaburi likifukiwa,” Mama akamjibu. “Wewe umeendelea.”

Mtani akakaa chini, mchangani, mtu mzima yule. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumza bila mzaha. Alisema lori lile alilipandia tangu ujana, alilala chini yake porini, mgongo wake uliishia mle. Alisema yule karani alipompa zile noti na kumwita mzee mstaafu, alijisikia vizuri, alijisikia na yeye amestaafu. “Nilijisahau, shemeji. Wallahi nilijisahau.” Akalivua koti la kahawia, maana alikuwa amekuja nalo, akaliweka kwenye mkeka. Akaondoka. Tangu siku ile alipitia uchochoro mwingine, na tulipokutana sokoni tulisalimiana kama watu wasiotaniana.

Hakuna aliyekwenda tena dirishani. Pensheni ikakaa miezi haijachukuliwa, mwishowe nasikia jina lilifutwa, mzee hajulikani alipo. Mirathi ndiyo ilikufa moja kwa moja, kwani ataidai nani, na mume yu hai kwa dole la mkewe? Mama akaanza kukaanga mihogo barabarani. Kaka akawa ndiye mbeba maji wake, mpasua kuni wake, mtega mgongo kwa kila mzigo. Mama hakumsimanga hata mara moja. Majirani walimsifu kaka, wakasema wapi siku hizi utapata kijana anayemtunza mama yake hivi. Nikisikia sifa hizo nilikuwa naingia ndani.

Eda ilikuwa imeshapita zaidi ya mwaka ilipokuja posa. Mwanamume alikuwa mjane mwenzake, muuza nazi wa sokoni Temeke, mtu mtaratibu, na Mama alimtaka. Nasema alimtaka, kwa sababu nililala naye chumba kimoja na nilimwona akitafuta wanja wake wa zamani. Nilifurahi. Nilisema Mungu si Athumani, haki moja imepotea, Mama anapewa nyingine.

Usiku kabla ya washenga kuja akaniambia hatakubali. Nikauliza kwa nini, akaniuliza kama nina akili. “Cheti cha ndoa kitaandika mjane. Mie nimeweka dole serikalini kwamba si mjane. Yule karani naye ni mtu wa Temeke hii hii, anakula, anasikia, anahudhuria harusi. Siku akiuliza, atafungwa nani?” Nikamwambia wameshasahau. Akasema, “Mie sijasahau,” akageukia ukutani.

Washenga wakaja na kanzu zao safi, wakakaa sebuleni. Kaka ndiye aliyekuwa anawahudumia. Mama akatoka kajifunga vizuri, akawashukuru, akawaambia wampelekee yule bwana salamu na heshima zake, lakini yeye ana mume.

Mshenga mkubwa akacheka, akapiga paja. “Mume gani tena, Bi mkubwa? Si tulimzika sote?”

“Muulizeni mwanangu,” Mama akasema. “Yeye ndiye aliyemwona mwisho.”

Kaka alikuwa ameshika trei ya soda. Hakuiangusha. Alizipanga chupa mezani mbele ya wageni, akazifungua, akawaambia karibuni wazee wangu, halafu akatoka nje. Mie nikabaki nimesimama mlangoni, natazama sakafu.